Hewa Iliyobaki kwenye Kichwa cha Injini

Ile Jumatano ya Chaka naikumbuka hadi harufu yake, mwanangu: harufu ya rangi ya injini inayoungua polepole, nami nimesimama kando nikitabasamu, nikiamini kila kitu kiko sawa.

Nakuita mwanangu ingawa huenda tumepishana miaka kumi tu. Ndivyo alivyoniita mtu aliyenisahihisha, na sijapata neno jingine linalofaa. Mvi sina. Lakini kosa lile nililifanya nikiwa na umri kama wako, na ninawaona vijana wengi wanaojifunza ufundi peke yao, kwa simu na kwa kuchungulia kazi za wengine, wakilikaribia. Afadhali nikuambie mapema jinsi nilivyoumbuka.

Mimi ni mtu wa Mukurweini. Ufundi sikuusomea popote. Niliangalia video, nikafungua jenereta ya jirani, nikaifunga, kisha nikaifungua tena kwa sababu nati moja ilinisumbua akilini. Tabia hiyo ninayo mpaka leo. Nikikaza kitu narudi kukiangalia mara ya tatu na ya nne. Nilikuwa na daftari la hatua za kila kazi, na nikikosea neno moja nilichana ukurasa mzima nikaanza upya. Watu walisifu usafi wangu. Hawakujua kwamba nilikuwa mwoga. Niliogopa sana kuulizwa jambo nisilolijua, kwa hiyo nilijizoeza kujibu haraka, kabla mtu hajanitazama vizuri usoni.

Aliyenipa kazi ni Mzee Ndirangu. Alikuwa amefanya kazi za barabara miaka mingi, na alipostaafu alinunua kompresa ya kuvutwa na gari, yenye magurudumu mawili na injini ya dizeli, ile inayosukuma hewa kwenye drili kubwa ya kuvunjia mawe. Aliikodisha kwa wachimbaji wa mitaro na misingi, na mimi nilikuwa mwangalizi wake. Mashine hiyo aliipenda. Aliigonga ubavuni kila asubuhi kama mtu anayemwamsha ng'ombe.

Wiki ile tulikuwa nyumbani kwa Mama Wanja, mjane mwenye shamba dogo nje kidogo ya Chaka. Mradi wa maji wa kijiji ulikuwa unapitisha bomba kubwa, na kila boma lilitakiwa kuchimba mtaro wake wa kulifikia. Kamati ilikuwa imetangaza kwamba Ijumaa ndiyo siku ya kuunganisha. Ambaye mtaro wake haukuwa tayari angesubiri awamu ya pili, baada ya mvua. Mama Wanja alikuwa amechimba wake kwa jembe, kidogo kidogo, miezi miwili, mpaka akakutana na mwamba. Zilibaki hatua sita. Mpaka siku hiyo alikuwa anachota maji mtoni na kuyabeba mgongoni kwa mtungi wa plastiki, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso, na ile alama ya kamba ungeiona hata akiwa amekaa anapumzika.

Jumanne Mzee Ndirangu aliniambia, "Kesho niko na kliniki ya macho huko Nyeri. Badilisha maji ya rejeta kabla muanze kazi, yameingia kutu. Utaweza?"

"Nitaweza, Mzee," nikasema. Hata hakuwa amemaliza kuuliza.

Asubuhi nilifika mapema. Niliisukuma kompresa pamoja na Kamau, mchimbaji aliyeshika drili, tukaiweka mahali penye mteremko, upande wa rejeta, lile tangi la maji ya kupozea injini, ukiwa chini. Nilifanya hivyo makusudi. Nilitaka maji machafu yatiririke yaende zake, nisifanye kazi kwenye matope, nisiache uchafu kwenye boma la mama wa watu. Nilimwaga maji ya zamani, nikasafisha mpaka yakatoka meupe, nikajaza mapya yenye dawa ya rejeta hadi yakafika mdomoni. Nikafuta kila tone. Nikafunga kifuniko. Kamau akaniangalia ninavyofuta mipira ya kupitishia maji kwa kitambaa akasema, "Wewe Wambui, hiyo ni mashine ama ni mtoto wa kupelekwa kanisani?"

Simu ikalia. Ni Mzee, yuko kwenye foleni hospitalini.

"Umejaza?"

"Nimejaza, Mzee."

"Na hewa umetoa? Kule juu?"

Hapo ndipo nilipoangukia, mwanangu. Swali lake nililielewa. Nilijua maji yakiingia mahali palipokuwa patupu, hewa inaweza kunaswa ndani. Nisichojua ni hewa hiyo inatolewa wapi kwenye mashine ile. Video niliyojifunzia ilikuwa ya gari dogo ambalo hewa hujitoa yenyewe. Sikujua "kule juu" ni wapi, wala kwa spana gani. Na Kamau alikuwa amesimama hapo anasikiliza, na Mama Wanja alikuwa analeta chai.

"Ndiyo," nikasema. "Nimetoa."

"Sawa mwanangu. Endeleeni."

Tuliwasha. Mwanzoni nilisikia maji yakigugumia ndani, kama tumbo la mtu ambaye hajala. Nilisikia kabisa. Nikajiambia yatatulia. Kamau akashuka mtaroni, drili ikaanza kuuma mwamba, vipande vikaruka, na Mama Wanja akasimama ukingoni ameshika kiuno, anacheka peke yake.

Nilikuwa nikiangalia geji ya joto kila dakika mbili. Mshale ulikuwa chini. Nikagusa rejeta kwa kiganja, baridi kabisa. Nikajisifu moyoni kwamba kazi yangu ni safi hadi mashine haipati joto. Baada ya kama nusu saa Kamau akazima drili, akapandisha kichwa nje ya mtaro.

"Fundi, kitu inanuka."

"Ni vumbi ya mawe."

"Mawe haina harufu kama hiyo. Hiyo ni kama sufuria imesahaulika kwa jiko."

"Kuja uone geji basi. Mshale uko chini. Shika rejeta, ni baridi."

Akapanda akaishika. Akanusa tena. "Ati ni baridi, na bado inanuka? Fundi wa simu, hebu uliza mwenyewe."

Aliponiita fundi wa simu nilikasirika, na hasira ile ilinichelewesha dakika nyingine kumi. Nilizunguka mashine, nikakaza mipira ambayo haikuwa imelegea. Nilikuwa najua. Mkono wangu ulipokaribia injini yenyewe, juu kabisa, ulirudishwa na joto. Injini inaungua na rejeta ni baridi. Maana yake hewa imeziba njia, maji hayatembei, na geji inapima hewa tupu. Nami badala ya kuizima nilikuwa nawaza nitakavyoeleza.

Hatimaye nilimpigia Mzee. Nilitaka kusogea kando, Kamau asisikie, lakini nikabaki pale pale.

"Mzee, rejeta ni baridi lakini injini inanuka." Kisha nikaongeza, "Sikutoa hewa. Nilikudanganya. Sijui hata inatolewa wapi."

"Zima," akasema. "Zima kwanza."

Nilizima. Kukawa kimya mpaka ukasikia kuku wa Mama Wanja. Kamau alikuwa tayari ameshika kitambaa anaenda kwenye kifuniko cha rejeta, aongeze maji, na kabla sijasema neno sauti ya Mzee ikatoka kwenye simu ikipiga kelele, "Na mtu asiguse hicho kifuniko! Mvuke uko ndani!"

Kamau akarudi nyuma. "Huyu mzee ametuona aje, na macho ndiyo ameenda kutibiwa?"

Sikucheka. Sasa hivi naweza.

Mzee Ndirangu alifika alasiri kwa bodaboda, miwani myeusi usoni, macho yakimtoka machozi kwa dawa aliyotiwa. Injini ilikuwa imepoa. Aliifungua rejeta mwenyewe, akaongeza maji yaliyopungua, akaniambia niwashe. Mapovu yakaanza kupanda pale mdomoni bila kukoma, na moshi mweupe ukatoka nyuma. Akaniashiria nizime. Gasketi ya kichwa cha injini, ile pedi nyembamba inayozuia maji yasiingie ndani ya injini, ilikuwa imeungua. Kichwa kingelazimika kufunguliwa, kipelekwe Nyeri kusawazishwa, gasketi mpya itafutwe. Siku nne, kama mambo yangekwenda vizuri.

Nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya spana zangu, nikizipanga kwa ukubwa, maana hata katika aibu ile sikuweza kuzitupa ovyo.

"Unaenda wapi?" akauliza.

"Nyumbani, Mzee."

"Umeniharibia mashine halafu unaenda nyumbani? Na nani ataifungua?" Akakaa juu ya jiwe, akafuta macho kwa leso. "Sikiliza, mwanangu. Mashine ni chuma, tutaitengeneza. Mimi ile siku ya kwanza nilijaza mashine moja ya serikali bila kutoa hewa, na nilikuwa nimefundishwa darasani. Kwa hilo sikulaumu. Lakini nilikuuliza. Nilikuuliza kwa sababu nilijua hujui. Ungeniambia hapana, ningekuelekeza kwa hiyo hiyo simu, dakika tano. Ulifikiri nitakuona vipi?"

Nililia kidogo, na yeye kwa sababu ya dawa alikuwa analia pia. Kamau akatutazama akasema kama ni kulia tumeamua, twende tutafute matanga.

Kisha Mzee akasema jambo lililokuwa gumu kuliko yote. "Sasa nenda umwambie Mama Wanja. Si mimi. Wewe."

Kutoka kwenye kompresa hadi jikoni kwake hakukufika hatua thelathini. Nilimkuta akimenya viazi. Nilimwambia yote: kwamba Ijumaa haitawezekana, na kwamba si mwamba uliotushinda, ni mimi niliyesema nimefanya kitu ambacho sikufanya. Kisu kilisimama.

"Hadi baada ya mvua?" akauliza.

"Hadi baada ya mvua, mama."

"Na nilikuwa nimeambia mto kwaheri." Akashusha pumzi, akaendelea kumenya. "Haya. Kaa ukule. Kuna mwingine angeniambia ni mashine imekufa tu, na ningeamini."

Nilikula viazi vile hadi vikaisha. Ijumaa kamati ilipita, ikaunganisha maboma mengine, ikaziba mwisho wa bomba mbele ya mwamba wake. Kwa wiki kadhaa, nikipita barabara ile, nilimwona akipanda kutoka mtoni na mtungi mgongoni. Alinisalimia kila mara. Ingekuwa rahisi kwangu kama asingenisalimia.

Jumatatu tulijaza maji upya, na safari hii nilikuwa nimemwomba Mzee anionyeshe tangu mwanzo kama mtu asiyejua lolote. Tuliweka mashine mahali tambarare, tukainua upande wa rejeta kwa mawe mawili ili mdomo wake uwe juu kuliko kila kitu. Akanionyesha skrubu ndogo juu ya injini, imejificha chini ya mpira, ambayo nilikuwa nimeifuta vumbi mara nyingi bila kujua kazi yake. Aliilegeza. Nikamimina maji polepole, uzi mwembamba tu, huku hewa ikitoka pale juu ikipiga mluzi, kisha povu, kisha maji yenye mapovu, kisha maji matupu. Nilitaka kufunga. Akanishika mkono. "Ngoja." Povu moja likatoka, kubwa. "Sasa." Tukawasha kifuniko kikiwa wazi, nikiminya mpira wa juu taratibu, tukangoja hadi kile kizibo cha ndani kinachofunguka kwa joto kikafunguka, maji yakashuka ghafla, nikaongeza. Nikagusa rejeta. Ilikuwa ya moto. Sijawahi kufurahia kuchomwa kiganja kama siku hiyo. Jumanne mwamba ulivunjika, mtaro ukawa tayari kusubiri awamu ya pili.

Basi nisikilize, mwanangu unayejifundisha mwenyewe. Usione haya kwamba hukusoma; wengi wetu hatukusoma, na mikono yetu inalisha nyumba. Ukijaza maji kwenye injini, tafuta kwanza hewa itatokea wapi, simamisha mashine sawasawa, mimina polepole, na usiamini geji kabla hujasogeza mkono wako karibu na injini yenyewe, si rejeta peke yake. Pua ya mwenzako ikinusa, zima, hata kama huyo mwenzako amekutania. Kifuniko cha injini iliyochemka usikiguse. Na ukiulizwa kama umefanya jambo usilolijua, sema hujui, hapo hapo, kabla chai haijafika. Utaona aibu ya dakika moja. Ukisema uongo, kuna mtu atabeba mtungi kwa sababu yako, na pengine atakusalimia kwa upole.

Kama tayari umesema "ndiyo" isiyo ya kweli mahali fulani, hujachelewa sana. Piga simu leo. Mungu akupe mkubwa atakayekwambia "zima kwanza" kabla ya kukukemea, akupe mama atakayekuwekea chakula hata siku uliyomwangusha, na kazi ya mikono yako ikufikishe kwenye maboma ya watu ukiwa na habari njema ya kuwaambia.