Mfarishi Nisioufua na Ubatizo wa Baba Mkwe

Jamani, kabla hamjanicheka acheni nijicheke mwenyewe, maana aibu hii nimeibeba tangu enzi za Mwingereza na hadi leo nikipita mbele ya kanisa letu pale Dutwa najikuta nainamisha kichwa, ingawa wengi walioshuhudia siku hiyo wameshatangulia na waliobaki wanakumbuka kicheko tu, hawakumbuki nani alisababisha. Nilisababisha mimi, Kabula, kwa mikono yangu hii hii, na kwa uvivu wangu, ambao wakati ule niliuita heshima.

Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu, nimetoka kwetu Shishiyu kuja kwa akina Masanja, mume wangu. Kwetu nilikuwa nimesoma darasa la ushonaji la kina mama wa kanisa, nikajua kushona mfarishi, lile tandiko nene la kujifunikia ambalo unaunganisha vipande vya vitambaa, unajaza pamba katikati, kisha unapiga mishono juu hadi chini ili pamba isikimbie. Mwalimu wetu alikuwa na neno moja alilolirudia hadi tukawa tunamwigiza akigeuka: "Wasichana, kitambaa kipya kifueni kwanza. Kitachuja rangi yake na kitarudi kwa kipimo chake, ndipo mshone." Nililisikia, nikalikariri, na siku ilipofika ya kulitumia nikalitupa.

Siku yenyewe ilitokana na baba mkwe, Mzee Maduhu. Mama mkwe (sisi tulimwita Mayu tu) alikuwa amebatizwa miaka kumi na moja nyuma, na miaka yote hiyo alimsihi mumewe naye aingie, na mzee jibu lake lilikuwa lile lile: "Mtu mzima nimwagiwe maji mbele ya watoto? Watanicheka." Hakuwa na ugomvi na Mungu yule mzee, alikuwa anaogopa kuchekwa basi, na kila mtu nyumbani alijua kwamba alishawahi kuondoka harusini kabla ya chakula kwa sababu mtu alicheka kofia yake. Halafu mwaka ule, baada ya kuumwa mgongo hadi tukadhani anatuacha, akakubali mwenyewe. Mayu alilia jikoni kwa furaha, akaniambia, "Ng'wanawane, mwanangu, Jumapili hii ikipita salama, mimi sina tena ninachomdai Mungu."

Mimi nikasema nami nitoe zawadi yangu. Ilikuwa Julai, mnajua baridi ya Julai na ule upepo wa alfajiri, na mzee analalamika mgongo, basi nikasema mfarishi. Masanja akaninunulia dukani kaniki ya buluu iliyokolea hadi weusi, bendera nyekundu na amerikani nyeupe, pamba tukatoa ya shambani kwetu wenyewe, nikaichambua mbegu kwa vidole wiki mbili hadi kucha zikauma. Nikapanga vipande juu, kaniki, bendera, amerikani, na chini, upande wa kugusa mwili, nikaweka kaniki tupu, ili uchafu usionekane upesi (mnaona akili hiyo!).

Sasa kufua. Nilivishika vile vitambaa vipya, vimekakamaa kwa wanga, vinang'aa, vinanukia duka, nikajiambia, nikivifua vitalegea na kufifia, mzee atadhani nimemkatia magauni yangu ya zamani, na mkwe mgeni hapeleki kitu kilichofuliwa kwa baba mkwe. Zawadi mpya ijulikane kwa upya wake! Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya pili, ambayo sikumwambia mtu, ni kwamba lambo lilikuwa limekauka na maji yalikuwa mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima na ndoo kichwani kurudi.

Jumamosi jioni nikampa Mayu ampelekee, maana mimi na baba mkwe hatukuwa watu wa kupeana kitu mkono kwa mkono. Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hazungumzi naye ana kwa ana, na habari za mwili wake ndizo kabisa hazigusi. Nikasikia kwa ndani mzee anasema, "Huu ni wa Ulaya?" na Mayu anajibu, "Wa Kabula," nikavimba kichwa. Mzee akajipaka samli kichwani na shingoni kama kawaida yake (kichwa kilikuwa na upara mzuri, kinateleza), akajifunika gubigubi, akalala.

Asubuhi nikapeleka maji ya kunawa, nikapiga goti mbali na mlango, "Mwangaluka, baba," nikaondoka. Niliporudi kuchukua bakuli, maji yalikuwa ya buluu kama wino wa karani. Nikasimama pale nikiwa nimelishika, kwa kuwa nilielewa papo hapo: uso ameuosha, lakini upara, masikio, shingo, vyote vilivyopakwa samli vimelala usiku kucha ndani ya kaniki mbichi! Nikamwaga yale maji nyuma ya nyumba upesi upesi kama mwizi.

Nikachungulia. Mzee amevaa kanzu nyeupe, mpya, na kofia imeshuka hadi masikioni. Kwenye ngozi yake nyeusi rangi haikuonekana sana, ila kola ya kanzu nyuma ilikuwa na mstari wa buluu. Nimwambieje? Siwezi kumwambia baba mkwe kwamba shingo yake ina rangi. Nimwambie Mayu? Nikamtazama anavyoimba huku akifunga kilemba, nikashindwa. Nikasema nimwambie mume wangu, nikamkimbilia, kumbe Masanja ameshampakia baba yake nyuma ya baiskeli na wanateremka. "Masanja!" nikapiga kelele. "Masanja, subiri!"

"Tutaonana huko!" akajibu bila kugeuka.

Huko tukafika tunahema na Mayu, kanisa limejaa, wanaume upande wao, wanawake upande wetu, na njia ya kumfikia Masanja hakuna. Nikakaa. Nikaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba: Bwana, maji yawe kidogo.

Mchungaji akamwita. Mzee akasimama mbele, akavua kofia, na akapewa jina la Petro. Mchungaji akateka maji kwenye bakuli jeupe, "Nakubatiza kwa jina la Baba," akamwaga. Mstari wa buluu ukashuka kwenye paji la uso, ukapita puani, ukadondokea kifuani kwenye kanzu. Mchungaji akatazama maji yake, akatazama bakuli, lakini ibada haisimami katikati, akaendelea, "na la Mwana," na safari hii rangi ikaja nyeusi, ikalowesha mabega, ikaingia hadi kwenye mkono wa joho la mchungaji. Watu wakanyoosha shingo. Ndipo bibi mmoja mzee aliyekaa nyuma akapaza sauti kwa mshangao wa kweli kabisa, "Zinatoka! Jamani, dhambi zinatoka!"

Kanisa likaangua kicheko. Wengine walikuwa wanacheka, wengine wanasali kwa hofu, na kuna mzee mmoja aliyebatizwa mwaka uliotangulia akaanza kujiuliza kwa nini za kwake hazikuonekana. Mimi nilikuwa namtazama Mzee Maduhu, mara ya kwanza kumtazama usoni. Alikuwa amejipangusa uso, sasa anatazama viganja vyake vya buluu. Akachukua kofia yake. Mayu pembeni yangu akanishika mkono kwa nguvu, akanong'ona, "Anaondoka." Nikaona miaka kumi na moja ya mama huyu inatoka mlangoni kwa ajili ya ndoo moja ya maji ambayo sikuichota.

Sijui nani aliyenisimamisha. Nilijikuta nimesimama, kisha nimepiga magoti kati ya mabenchi, nikasema kwa sauti iliyonitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Baba, si dhambi! Ni kaniki. Ni mfarishi wangu, nilishona bila kufua!"

Kicheko kikakatika. Aibu ya kaniki sasa ilikuwa ndogo, kwani mke wa mtoto alikuwa amemwita baba mkwe wake mbele za watu, amezungumzia na matandiko yake! Masanja upande wa pili alifunika uso kwa mikono. Nikajua leo narudishwa Shishiyu, tena kwa miguu.

Mzee akasimama kidogo na kofia yake mkononi. Halafu, bila kunitazama hata kidogo, kwa kufuata desturi yote kama inavyotakiwa, akamgeukia mchungaji.

"Mchungaji, mwambie huyo binti mfarishi wake una joto. Mgongo haujaniuma usiku kucha."

Mchungaji, masikini, akanigeukia na kuniambia, "Anasema una joto."

"Na wewe," mzee akaendelea, "maliza kazi yako, limebaki jina moja. Mwaga mengi. Kama ni kaniki itaisha, kama ni dhambi nazo zitaisha."

Akainamisha upara wake, naye akawa wa kwanza kucheka, kicheko cha tumboni, mabega yanatikisika, na kanisa likacheka pamoja naye, mchungaji akaweka bakuli chini akachukua birika zima, "na la Roho Mtakatifu!" akamwagia hadi maji yakatoka meupe. Mayu alikuwa analia na kucheka, hajauachia mkono wangu. Mimi nilivuta pumzi ambayo nadhani sikuwa nimeivuta tangu alfajiri, nikakaa palepale chini.

Kesho yake nilichota maji safari tatu nikaufua ule mfarishi, maji saba yalitoka ya rangi, na ulipokauka amerikani ilikuwa imerudi na kaniki imerudi kwa namna yake, ukajikunja kama ngozi iliyosahaulika juani, na mzee alivyo mrefu akalala miguu nje hadi nilipoongeza kipande (nilikifua kwanza, mara mbili). Tangu hapo sijatia mkasi kwenye kitambaa kisichopita majini, hata leso, hata kitambaa cha mteja mwenye haraka, na wajukuu wanaosema bibi anafua hadi uzi waseme tu.

Nguo moja peke yake sikuifua. Nilimwomba Mayu anipe ile kanzu niitoe madoa, akaenda ndani kumuuliza mwenyewe, akarudi mikono mitupu. "Anasema uiache kama ilivyo," akaniambia. "Anasema cheti alichompa mchungaji hajui kukisoma. Hicho cha buluu anakisoma."