Chai Niliyoimwaga Shituru

Wanaosema yaliyopita si ndwele hawakuwapo mtaani kwetu Shituru siku ile. Mimi nilikuwapo, na hasira yangu haijapoa.

Yaya, dada yangu mkubwa aliyenilea, alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi alijidunga insulini, kisha akala, ndipo aende ofisini kupiga chapa. Miaka ile, mgeni mkubwa akija, wafanyakazi walitolewa barabarani kumchezea na kumsifu Rais. Kukataa kulikuwa kujitafutia makubwa. Siku hiyo gari lilikuja kuwachukua kabla yaya hajagusa chakula, sindano imekwisha kuingia.

Walicheza tangu asubuhi hadi jua la utosi, na mgeni hata harufu yake hatukuisikia. Mkuu wao, jitu la tumbo lililokaa kivulini, lilikuwa likifoka tu, likimwita kila mwanamke "mwananchi" kwa Kifaransa: "Citoyenne, cheka! Cheka!"

Yaya alitoka mstarini akija kwangu, niliyekuwa nikitazama kando ya barabara, jasho linamtiririka. Mama muuza chai alimwonea huruma, akampa kikombe chenye sukari nyingi.

"Yaya, hapana! Weye iko na ugonjwa ya sukari!"

"Uniache, mudogo yangu. Niko natetemeka."

"Njo sukari inapanda, njo inakutetemesha!"

Nikampokonya kikombe, nikaimwaga chai chini. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, najiona daktari. Aliniamini. Mkuu akamwita, akarudi kucheza, akaanguka. Lile jitu likasema amelewa!

Muuguzi alinieleza hospitalini. Mtu mwenye afya akitumia nguvu, misuli inakula sukari, basi kongosho hupunguza insulini na kutoa glukagoni, inayoliamuru ini lifungue akiba yake. Lakini insulini ya sindano haiambiwi ipungue. Inaendelea kushusha sukari hata mwili ukilia njaa, na ubongo ukikosa sukari muda mrefu huharibika. Lile jasho na kule kutetemeka ni adrenalini iliyokuwa ikiomba msaada. Ile chai ndiyo iliyokuwa dawa.

Nimemlaani yule mkuu, nimemlaani na mgeni, ambaye hata hakuja. Ni washenzi, nitasema hivyo mpaka nife. Lakini kikombe hawakukigusa wao.

Siku ya tatu yaya alifumbua macho. Akanitazama, akaniuliza kwa upole mimi ni mtoto wa nani.