Mashine Isiyo na Ndugu Kigali

Mpaka leo nikimwona mtu anaitikia tu "Yego, yego" kabla hajasikiliza anachoulizwa, damu inanichemka. Yego ni ndiyo ya Kinyarwanda, na hapa Kigali tumelelewa nayo. Mtu mzima akikuuliza jambo kwa upole, humjibu hapana usoni. Unasema yego, mengine utajua mwenyewe mbele ya safari. Ni adabu nzuri, sikatai. Lakini ilitugharimu chumba cha mama.

Mama alikuwa fundi cherehani mtaa wa Muhima. Baada ya baba kufariki, chumba kile cha kushonea ndicho kilichotulisha, sisi na mafundi wenzake wawili. Ikaja mitumba, caguwa kama tunavyoiita, watu wakaacha kushonesha. Mwaka tisini na mbili hivi, ofisi moja kule Kimihurura ikatangaza zabuni ya sare za shule. Mama akasema tukiipata tunabaki, tukiikosa anamrudishia mwenye nyumba funguo zake. Hapakuwa na katikati.

Mimi nilikuwa mpiga chapa, tena mwenye kompyuta yangu mwenyewe, mjomba kaniletea kutoka Nairobi. Plagi yake tu ilikuwa mgogoro: meno matatu manene, na kuta zetu zina matundu mawili ya mviringo. Fundi umeme akaikata, akafunga nyingine, mashine ikawaka. Nikadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Tangazo lilisema maombi yaletwe kwenye disketi, karatasi hazitasomwa. Karatasi, jamani, ambayo kila mwenye macho anaisoma! Ofisi zote kubwa za mji zilikuwa zimenunua kompyuta za aina moja, kwa muuzaji mmoja, na huyo huyo ndiye aliyewashauri habari ya disketi. Yangu ilikuwa ya aina nyingine, inaendeshwa na programu nyingine. Mimi ningejuaje kama hilo lina neno? Niliona disketi ni kama kanda ya redio, ukiitia popote inaimba.

Nikachapa bei zote na vipimo vyote, vipimo ambavyo mama alizunguka shule kwa shule kuwapima watoto kwa mkono wake. Nikapeleka. Mapokezi alikaa mzee mmoja wa tai, mpole, sauti yake ya chini. Akaitia disketi mashineni, akabofya, akangoja, kisha akanitazama kwa huruma.

"Madmazeli, disketi yako iko mtupu."

"Tupu? Nimeijaza mwenyewe asubuhi!"

"Iko mtupu. Angalia."

Nikaangalia. Kweli, hata herufi moja hapana. Niliporudi nyumbani nikaitia kwenye mashine yangu, nayo ikakataa kuitambua kabisa. Nikashuka mbio kwa yule muuzaji.

"Mashine yako ni nzuri, dada," akasema. "Ila haina ndugu hapa Kigali. Nunua yetu."

"Hakuna programu ya kuzifanya zisomane?"

"Ipo."

"Niuzie basi."

"Hiyo siuzi. Nikiuza hiyo, nani atanunua mashine?"

Alisema hivyo huku anacheka, wallahi, haya hana. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, lakini hawakusema umpishe mpaka akukanyage. Nilipokuwa natoka ndipo akanionea huruma kidogo. Akaniambia mashine zake zikipewa disketi ngeni huuliza kama ziisafishe, na ukijibu ndiyo, kila kilichomo kinafutika. "Jibuni hapana tu," akasema, akarudi kwa wateja wake.

Siku ya mwisho ya zabuni tulipanda Kimihurura mimi na mama, yeye kajitanda mtandio wake wa Idi. Nilikuwa na disketi nyingine na maombi yale yale niliyoyachapisha kwenye karatasi. Nilitaka waone kwa macho yao kwamba disketi si tupu, mashine yao ndiyo isiyojua kuisoma, kisha wapokee karatasi yaishe.

"Mzee," nikamwuliza yule wa tai, "siku ile mashine ilikuuliza swali?"

"Ee, iliuliza. Kwa Kiingereza."

"Ukaijibu nini?"

Akanishangaa. "Yego. Imeuliza na adabu, nitaijibu nini tena?"

Mtume! Nilitaka kulia, nilitaka kucheka. Mzee aliyesoma Kifaransa, Kiingereza hajui hata cha kuombea maji, kaulizwa na kioo, akakiitikia kama anavyowaitikia wageni wote. Akaitia disketi ya pili. Swali likatokea, na mkono wake, kwa mazoea, ukaanza kwenda kwenye ndiyo. Nikamshika mkono. Ofisi nzima ikatugeukia. Msichana kumkamata mzee namna ile! Sikujali. Nikabofya hapana mwenyewe, disketi ikatoka salama.

"Umeona, mzee? Swali lenyewe linauliza kama iifute. Haikuwa tupu. Ni nyinyi mnaoifuta."

Alikuwa muungwana. Aliomba radhi, akachukua karatasi zetu, akaingia kwa mkubwa wake. Mama alibaki anaomba dua, midomo inacheza. Mzee aliporudi alitueleza sote wawili: mama akiweka pingamizi, karatasi zake zitafunguliwa na kushindanishwa na za wengine. Asipoweka, wataendelea na disketi zilizosomeka.

Neno moja tu! Nikamkanyaga mama mguu chini ya meza.

Mzee akamgeukia, akainama kidogo, mikono kaikutanisha mbele.

"Mama, disketi zingine ziko tayari, na watu wanangoja. Si tunaweza kuendelea tu?"

"Yego, mzee wangu," mama akasema.

"Mama!"

"Yego," akarudia, akidhani hakusikika.

Nilipiga kelele pale. Nilisema mama hakuelewa, nilisema hii si haki, nilisema mengine ambayo siyaandiki. Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Mama amejibu, madmazeli." Mkono wake niliuwahi. Mdomo wa mama ningeuwahi vipi?

Zabuni ikaenda kwa wenye disketi inayosomeka. Mwisho wa mwezi tukatoa cherehani, mama akafunga mlango wa chumba, akautikisa kuona kama umefunga sawasawa, utadhani atarudi kesho. Tangu siku ile nilikuwa sijasema naye vizuri. Pale mlangoni nikashindwa kujizuia.

"Mama, ulijua chumba kitakwenda. Kwa nini hukusema hapana?"

Alinitazama kama mimi ndiye nisiyejua kitu.

"Lakini mwanangu, aliniuliza vizuri."