Hodi kwa Jani Kavu

Mama mtunza mimea hachumi jani bila kupiga hodi. Thuraiya, mwenzake mpya ofisini, mwanzo alidhani ni mzaha. Lakini kila wakienda msituni yule mama huvua viatu, husogea kando ili kivuli chake kisiuguse mti, kisha hupiga hodi kwa sauti ya mtu aliyefika kwa jirani, kama wafanyavyo wachuma dawa wa kwao Mgogoni. Ofisini, majani makavu yamebandikwa kwenye karatasi, na ile mimea iliyokwisha kutoweka kisiwani huitolea salamu wanayopewa waliolala makaburini. Haruki hata mmoja.

Siku ya kukata jani kavu la mwisho la mti mmoja uliokwisha kutoweka, ili maabara isome jenomu ya kloroplasti zake, yaani ule urithi uliomo katika chembe zake za kijani, alitoa salamu ya makaburini, akakata kipande mfano wa ukucha wa mtoto, akabaki kaushika mkasi.

"Likiharibika hili, mwanangu, hatuna jengine."

Majibu yalikuja pamoja na ya kichaka kisichotoa maua, walichokikuta kwenye mawe ya Micheweni wasikitambue. Thuraiya aliyasoma, akarudia tena.

"Mama, kile kichaka na jani letu ni mti mmoja. Upo hai."

Yule mama alijifuta vidole kwa pindo la mtandio, akaiendea ile karatasi yenye jani, akavua viatu.

"Hodi," alisema.