Chakula Alichowapikia Wengine

Mume wangu aliwapikia masista na mapadri wa Kiitaliano kule misheni ya Mutoyi tangu kabla hatujaoana, lakini mimi sikuwahi kuonja chakula chake hata mara moja mpaka mkono wake wa kulia ulipokufa.

Hakuwa ananinyima. Jumamosi akifika nyumbani Gitega aliegesha pikipiki ukutani, akanawa mpaka viwikoni, akakaa kwenye kiti chake na kungoja. Nilimletea bugali na mboga ya lengalenga, au maharage yaliyoungwa kwa mawese, akala mpaka sahani ikawa tupu. Nikimuuliza kule misheni wanakula nini, alisema tu, "Vitu vyao vya Wazungu," halafu akauliza habari za watoto. Jikoni kwangu hakuingia. Hata chai alisubiri nimpelekee.

Kwao ni Buhinyuza, huko Muyinga karibu na mpaka wa Tanzania. Sote wawili tulikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, tukarudi Burundi tukiwa vijana. Yeye akarudi na mama yake na wadogo zake, baba yao alikuwa ameshafariki. Mama yake, ambaye mimi humwita mabukwe kama tunavyowaita mama wakwe kwetu, alilima mashamba ya watu miaka yote ya kambini ili mtoto wake wa kwanza asome. Alipopata kazi Mutoyi, mume wangu alimwambia mama yake kwamba yeye ndiye anayeshika funguo za stoo. Mimi alinieleza ukweli wiki ile ile tuliyoposana, na akaniomba nisiuseme kule kwao.

"Nikisema mimi ni mpishi, watasikia boyi wa Wazungu," aliniambia. "Mama hakulima vile ili nije kuwa boyi."

Basi kila tulipokwenda Buhinyuza, majirani walimwita bwana stoo, na mabukwe alitembea mbele yetu njiani akiwa amenyoosha shingo.

Kiharusi kilimkuta misheni asubuhi, akiwa anakanda unga. Walimleta hospitali Gitega kwa gari lao. Nilipofika alikuwa amelala, mdomo umekwenda upande, na kwenye nywele zake kulikuwa bado na unga mweupe. Nikaanza kuupangusa kwa kitenge changu. Nesi akaniambia, "Mama, acha kwanza," lakini mimi nilikuwa sijui kitu kingine cha kufanya, nikaendelea.

Aliporudi nyumbani mguu ulikuwa unaburutika na mkono unaning'inia. Maneno hayakuja. Alikuwa anafungua mdomo, anatafuta, uso unajaa jasho, kisha anafumba macho. Daktari alikuwa amenieleza kwamba presha ndiyo iliyomwangusha, kwa hiyo chumvi kidogo sana, mawese kidogo sana, nyama mara moja moja. Apate mboga, samaki na maharage. Nikapika hivyo. Nilichemsha kabichi bila chumvi, maharage bila mafuta, samaki wa mukeke wa kuchemsha kwenye maji matupu. Alikula vijiko viwili akageuza uso ukutani. Mashavu yakaanza kuingia ndani.

Siku moja mchana nilimtoa nje nikamweka mlangoni mwa jiko ili apate jua. Nilikuwa nimenunua bilinganya, nataka kuzikaanga na kitunguu kwa mafuta kidogo ya alizeti. Makaa yalikuwa yamewaka sana kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Kitunguu kikaanza kuwa cheusi pembeni. Nyuma yangu nikasikia sauti.

"Buhoro."

Polepole. Kwa Kirundi chetu. Niligeuka. Alikuwa anaitazama sufuria, si mimi. Akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea makaa.

"Buhoro," akarudia.

Nilipunguza makaa kwa koleo. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu hospitali.

Kuanzia hapo nikawa namweka pale mlangoni kila siku. Maneno yalianza kurudi, na yaliyotangulia yote yalikuwa ya jikoni. Kitunguu. Kata. Bado. Maji, hapana. Jina langu lilikuja baadaye sana, baada ya majani ya sereri na siki, na sikukasirika, ingawa nililihesabu moyoni. Alinionyesha kwa kidole jinsi ya kukata bilinganya vipande vya kama kidole gumba, kuzinyunyizia chumvi zitoe maji yao machungu, kisha kuziosha vizuri na kuzikamua ili chumvi yenyewe isibaki. Alinifanya nikaange kitunguu mpaka kiwe laini bila kubadilika rangi, kazi iliyonichosha roho, maana kwetu kitunguu hukaangwa haraka. Halafu nyanya, sereri, bilinganya, na mwishoni siki na sukari kidogo tu.

Kilichokosekana ni mafuta ya zeituni. Misheni masista walikuwa wanaletewa kopo kubwa kutoka kwao, lakini mimi sikutaka kwenda kuomba. Jirani yangu, mama wa Kiislamu ambaye mume wake anashona nguo karibu na msikiti, alikuwa na kichupa kidogo. Nilimweleza. Alinitazama kana kwamba na mimi nimepata ugonjwa.

"Hii ni ya kujipaka, mama. Watoto wakikohoa tunawapaka kifuani. We unataka kuipikia?"

"Mgonjwa ndiye anataka."

Akanimiminia nusu. Jioni alikuja kuchungulia, akavuta harufu, akasema, "Ee, iko na harufu nzuri. Lakini mi siwezi kula kitu ya kujipaka." Tangu siku hiyo, kila mume wake alipokwenda Bujumbura kununua vitambaa, aliniletea kichupa.

Siku niliyokula chakula kile kwa mara ya kwanza, nilikaa naye kwenye mkeka pale nje. Bilinganya ilikuwa laini, tamu, halafu uchachu ukafuata taratibu, na mafuta yale yalikuwa na ladha kama ya majani mabichi. Nilitafuna. Nilichosikia si furaha. Nilisikia wivu. Miaka yote ile watu wengine walikaa mezani wakala hivi kutoka kwenye mikono ya mume wangu, wakamsifu kwa lugha yao, naye akaja kwangu Jumamosi na kula lengalenga.

"Kwa nini hukuwahi kunipikia?" nilimuuliza.

Alifuta mdomo kwa mkono wa kushoto, akayatafuta maneno.

"Nilikuwa... nachoka," alisema. "Kupikia watu. Nilitaka... mtu anipikie mimi."

Akaniwekea kipande cha bilinganya kwenye sahani yangu kwa mkono wa kushoto, kikaanguka njiani, akakifuata kwenye mkeka, akakila mwenyewe. Tulicheka kidogo. Halafu yeye akaanza kulia, maana tangu ugonjwa kicheko na kilio vilikuwa vimekaa jirani kwake, na mimi nikamshika kichwa.

Miezi ile tulipika sana. Tulipika mukeke kwa nyanya na vitunguu saumu, supu ya kabichi, viazi na maharage ambayo alisema masista waliila siku ya baridi, na maharage makavu yaliyochemshwa na tawi la romarini, mmea wa harufu aliokuwa ameupanda kwenye debe nyuma ya nyumba bila mimi kujua ni mti gani. Watoto wetu, wakirudi shuleni, waliuliza kama leo kuna chakula cha watu au cha papa, kama wanavyomwita baba yao. Yeye alikuwa anasikia, anatabasamu upande mmoja.

Kiangazi kilipoanza, akasema anataka kwenda kwao.

"Mama... nimpikie," alisema.

Nilijua maana yake. Nilimuuliza kama ana uhakika, akatikisa kichwa kukubali. Tulikwenda Muyinga na bilinganya kwenye kikapu, na kichupa cha zeituni nimekifunga kwenye kitambaa.

Mabukwe alitupokea vizuri. Alimshika mtoto wake usoni kwa mikono yote miwili, akamwita "mwana wanje, mwana wanje," yaani mwanangu, akamkalisha kwenye kiti cha wageni. Kesho yake, nilipotoa sufuria uani na mume wangu akasogezwa karibu na moto, akaanza kunielekeza. Kata hivi. Bado. Punguza. Mabukwe alikuwa amesimama na ungo wa maharage, anatutazama. Maneno yalimtoka mwanawe kwa shida katika mambo yote mengine, lakini pale kwenye moto yalikuwa yanakuja yamenyooka.

"Haya umejifunza wapi?" mabukwe aliuliza.

"Mutoyi. Mama, mi ni mpishi. Stoo... hapana. Mpishi. Tangu mwanzo."

Mabukwe aliweka ungo chini. Majirani wawili walikuwa wamekaa pale kumsalimia mgonjwa, na wakaangalia mahali pengine.

"Nimewaambia watu wote hapa," alisema polepole. "Kanisani. Sokoni. Mtoto wangu anashika funguo."

Aliingia ndani. Chakula kilipoiva nilimpelekea sahani, nikapiga goti kama inavyotakiwa. Aliniambia ameshiba. Nikairudisha uani. Mume wangu aliiona sahani ikirudi vile ilivyokwenda. Alikula yake kwa mkono wa kushoto, polepole, mpaka ikaisha, halafu akaomba apelekwe kulala ingawa jua lilikuwa bado juu.

Asubuhi yake mabukwe alimpikia yeye mwenyewe. Alileta bakuli kubwa la maharage yenye mawese mengi, mekundu, na chumvi ya kutosha watu watano. Nilifungua mdomo nimweleze ya daktari. Mume wangu alinitazama, na nikaufunga. Alikula bakuli lote mbele ya mama yake. Mabukwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono kwenye mapaja, anamhesabia kijiko kwa kijiko.

Nadhani wote wawili walikuwa wanasema jambo, lakini si jambo moja.

Tulirudi Gitega. Alipika pamoja nami mpaka mvua zilipokuja, na mvua zilipokuja akawa dhaifu, akaacha kutoka mlangoni. Alinielekeza akiwa kitandani, kwa harufu. "Kitunguu tayari," alikuwa anasema kutoka chumbani, na nikitazama ni kweli. Siku moja mchana nilikuwa jikoni nangoja aseme, kitunguu kikawa tayari, kikapita, na sikusikia kitu. Niliita. Niliondoa sufuria motoni kwanza, sijui kwa nini, kisha nikaenda chumbani.

Tulimzika Buhinyuza. Masista walikuja kutoka Mutoyi, pamoja na sista mmoja mzee sana ambaye anakisema Kirundi kama amezaliwa Bugendana, huko huko ilipo misheni. Alimtafuta mabukwe katikati ya watu, akakaa chini kando yake kwenye mkeka, akamshika mkono.

"Nilipokuwa na malaria, siwezi kumeza kitu, mwanao alinipikia mchuzi akaja nao mpaka mlangoni kwangu kila saa ya kula," alimwambia. "Mama yangu alikuwa mbali, ameshafariki. Nilikuwa najiambia, huyu amelelewa na mwanamke gani?"

Mabukwe alikuwa anautazama mkono wa yule sista, mkono mwembamba wenye madoa.

Nilirudi kwa siku ya kuganduka, siku ya kumaliza matanga. Watu walikula na kunywa, wazee wakasema maneno yao, wakaondoka. Nilibaki na mabukwe uani nikiosha vyombo. Akaniambia, bila kunitazama, "Kile cha siku ile. Unaweza kukipika?"

Nilikwenda mpaka sokoni Muyinga mjini kutafuta bilinganya, maana Buhinyuza siku ile hazikuwepo. Zeituni sikuwa nayo. Nilitumia alizeti. Nilipika na macho yangu yakaangalia kitunguu peke yao, hakuna wa kuniambia, na nadhani nilikiwahi mno. Tulikaa kwenye mkeka. Mabukwe alionja, akatafuna kwa muda mrefu.

"Ni kichachu," alisema.

"Ndivyo kilivyo, mabukwe. Lakini chake kilikuwa bora."

Akachukua tena. Akala nusu, akapumzika, mkono ukiwa ndani ya sahani.

"Wale wazungu wote wamekula mkononi mwake," alisema. "Na wewe umekula. Mi nilisema nimeshiba. Na sikuwa nimeshiba, mwanangu. Nilikuwa na njaa siku ile."

Nilimwambia kwamba mtoto wake hakumkasirikia, na hilo ni kweli, hakuwahi kulitaja.

"Nani alimfundisha kushika sufuria?" aliuliza baadaye. "Ni masista?"

Nilifungua mdomo nijibu, nikagundua kuwa sijui. Tulikuwa tumepika pamoja kiangazi kizima na sikuwahi kumuuliza.

"Kule kambini," mabukwe alisema, "nilikuwa natoka asubuhi kulima kwa watu, narudi jioni. Nilikuwa nakuta wadogo zake wameshakula, sufuria imeoshwa, imefunikwa. Mgao wenyewe ulikuwa unga na mbaazi zile za njano ambazo haziivi. Watoto wa wengine walikuwa wanaumwa matumbo kwa sababu ya mbaazi hizo. Wangu hawakuumwa. Sikumuuliza anafanyaje. Nilikuwa nakula nalala."

Aliinama akamaliza iliyobaki, na mchuzi akaufuta kwa kidole. Mbuzi wa jirani alikuja kunusa ungo, nikamfukuza. Wingu lilikuwa limeshuka upande wa Tanzania, na upepo ukaanza kuinua vumbi uani. Nilikusanya sahani, yeye akakunja mkeka, tukaingia ndani kabla mvua haijafika.