Godoro Lililotaka Kupaa

Aibu yangu ilianza Jumanne, saa tano asubuhi, kwenye somo la fizikia. Mwalimu aliuliza ndege inapaa vizuri upepo ukitoka mbele ao nyuma, akaninyooshea kidole mimi. Nikajibu kwa sauti ndogo, "Nyuma," maana kwenye pikipiki upepo wa mbele unatuchelewesha. Batoto wakacheka. "Kesho utakuja kutueleza ubaoni," mwalimu akasema.

Jioni mama na mi tulipanda pikipiki ya kukodi kurudi mtaani kwetu Dilala, nimeshika juu ya kichwa godoro la sponji tulilonunua. Upepo wa mbele ukatupunguzia mwendo, lakini godoro likaanza kuninyanyua.

"Mama, shika mutoto!" dereva akapiga kelele. "Ataruka bila tiketi!"

Nilichanganyikiwa kabisa. Upepo mmoja unazuia na unainua? Labda godoro lilikuwa kama bawa la ndege: bawa halijali barabara, linajali tu hewa inayolipitia. Basi ndege inapanda haraka, lakini inachelewa kufika? Sikuelewa vizuri.

Asubuhi nilichora godoro ubaoni na mishale ya upepo ikitoka mbele. Kisha, mi ambaye siulizagi kitu, nikamwuliza mwalimu: kama upepo wa mbele unainua ndege haraka, je, hauicheleweshi kufika?