Kurasa Alizozibandika Mama

Harufu ya gundi ya unga ndiyo iliyonirudisha Ziwani, mtaa nilikokulia. Majuzi binti yangu alikuwa akipika unga wa ngano na maji kwenye sufuria, abandike karatasi za kazi yake ya shule, na ule mvuke mzito, wenye kunuka kama chapati iliyokata tamaa, ukanipokea mlangoni. Nikacheka peke yangu hata akaniuliza kama niko sawa. Yeye nilimwambia niko sawa. Nyinyi nitawaambia ukweli.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwalimu alikuwa ametuagiza tusome riwaya moja likizo ya Agosti, jambo lililomkosesha mama usingizi. Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya, na aliamini kwamba riwaya ndiyo mlango ambao wasichana huupitia wakienda kupotea. Hakuniacha nijichagulie. Alinishika mkono akanipeleka kwa Bi Mwanaisha.

Bi Mwanaisha alikuwa jirani yetu, mjane mwenye asili ya Lamu, aliyeuza viungo na mahamri dirishani mwake. Mvunguni mwa kitanda chake mlikuwa na katoni mbili za riwaya walizoziacha binti zake walipoolewa, naye alikuwa amezisoma zote. Shule zikifungwa, vijana wa mtaa walipanga foleni kwake. Hakukupa kitabu kabla hajakuhoji kama daktari: Unalala vizuri? Umegombana na nani nyumbani? Unapenda kulia au kucheka?

"Kulia," nilijibu, kwa sababu nilidhani ndivyo wanavyojibu watu wazima.

Alipiga magoti, akaingiza mkono mvunguni, akatoka na kitabu chenye jalada lililochakaa. "Mama Nekesa, mpe hiki."

"Kina adabu?" mama aliuliza.

"Kina adabu kutushinda mimi na wewe. Ukiwa na shaka, kisome mwenyewe kwanza."

Mama akakisoma. Kwa siku nne tulikula ugali wenye ladha ya moshi, maana alikoroga kwa mkono mmoja na kufunua kurasa kwa mwingine. Siku ya tano alipika gundi. Alibandika kurasa kama kumi hivi katikati ya kitabu, akazikandamiza kwa jiwe la kusagia, zilipokauka akanikabidhi.

"Hapo usiguse. Kwingine soma."

Jamani, mtu akikuambia usiguse, si amekuonyesha?

Nilisoma mpaka kwenye gundi nikakwama. Kilichonishangaza ni kwamba kufikia hapo msichana wa kwenye kitabu alikuwa amebusiwa mara tatu, mara moja kwa nusu ukurasa mzima, na mama hakuwa amegusa hata mstari. Nilimweleza rafiki yangu Shiku, aliyekuwa hodari wa hesabu.

"Manze Nekesa," alisema kwa mnong'ono, "kama mathe wako ameacha hizo zote, hapo kwa gundi si ni moto!"

Habari zilienea. Jumamosi mama alipokwenda mazoezi ya kwaya, chumba chetu kilikuwa na wasichana sita, mmoja amekuja na njugu kana kwamba tunaenda sinema. Tulichemsha birika, tukakishika kitabu juu ya mvuke, tukaachanisha kurasa kwa kisu cha mkate, polepole kama wapasuaji. Shiku ndiye aliyepewa kusoma kwa sababu ya sauti yake.

Hakukuwa na busu. Kulikuwa na mama mgonjwa, kitandani hospitalini, akimfundisha binti yake namna ya kumsuka mdogo wake nywele. Kisha yule mama akafa.

Njugu zilisimama midomoni. Shiku alisoma huku akishikwa na kwikwi, sisi wengine tukilia kwa sauti, na ndipo mlango ulipofunguka.

"Nani amekufa?" mama alipiga kelele.

"Mamake!" tulijibu kwa pamoja.

"Mamake nani?"

Shiku akainua kitabu. Mama akalitazama birika, akakitazama kisu, akatutazama mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nikiitazama kandambili yake. Lakini hakuivua. Aliketi kitandani, akachota njugu.

"Mmefika wapi?"

"Amezikwa," Shiku alisema.

"Basi endelea. Huko mbele yule binti anajikaza."

Tulikisoma mpaka mwisho, mama akiwa katikati yetu. Kwa muda mrefu nilijivunia kwamba siku ile niliponea chupuchupu.

Mwezi uliofuata mama alisafiri majuma mawili, kwenda kumwona dada yake Kakamega, tukaambiwa. Alirudi amekonda, na mkono wa kushoto hakuweza kuuinua kufikia kamba ya nguo. Nilikuwa tayari nimeolewa aliponiambia, tukichambua kunde jikoni kwake, kwamba hakukuwa na Kakamega yoyote. Alikuwa hospitalini, ametolewa uvimbe kwenye titi. Siku alizokuwa akiunguza ugali, alikuwa na barua ya daktari chini ya godoro.

Kisha nikamuuliza kwa nini, kwa hofu yake yote ya riwaya, aliyaacha yale mabusu.

"Mabusu nilijua utayafikia tu," alisema, mikono yake haikuacha kunde. "Hayo mengine ndiyo niliyomwomba Mungu ayacheleweshe."